Droni ya kununua, ya kujenga, au kile kidogo cha sebuleni: ipi ya kuanzia Arusha na Moshi

Anayetaka kuanza kurusha droni akiwa Arusha au Moshi huwa na njia tatu. Anaweza kununua droni ya kamera iliyokamilika, mfano zile za familia ya DJI Mini: unafungua boksi, unachaji, unaunganisha simu, na jioni una picha ya Meru. Anaweza kujenga mwenyewe droni ya inchi 5, yaani yenye propela za kipenyo hicho, ile inayorushwa kwa kuvaa miwani yenye skrini inayokuonyesha kile kamera yake inachoona, inayopinduka kichwa chini na kupenya kati ya matawi. Au anaweza kuanza na kidroni cha kiganjani chenye pete kuzunguka kila propela, uzito wa gramu 20 hadi 30, ambacho unakirusha sebuleni na vyombo kabatini vinabaki salama.

Zote tatu zina mota nne na propela nne, mbili zikizunguka kufuata saa na mbili kinyume chake, pamoja na bodi inayosoma kihisi cha mzunguko maelfu ya mara kwa sekunde ili kuamua kila mota ipewe nguvu kiasi gani. Watu huzilinganisha kwa ubora wa picha, kwa kasi, kwa bei. Mimi naanza na swali jingine, kwa sababu ya mahali tunapoishi: ikianguka leo, itarudi lini hewani? Anayeishi Shenzhen, China, akivunja kipande hukipata mchana uleule. Sisi tunaagiza, tunasubiri, tunafuatilia forodhani, na kipande cha elfu chache kinaweza kuifanya droni nzima ikae kabatini hadi masika yapite. Na itaanguka. Hakuna aliyejifunza kurusha bila kuangusha.

Msimamo wangu niuseme mapema. Unayetaka picha za harusi, za hoteli au za shamba, nunua droni ya kamera na usijisumbue na kulehemu. Unayetaka kurusha kwenyewe, kujua kwa nini kitu kinaruka na kukitengeneza kikiharibika, anza na kidroni cha pete pamoja na rimoti nzuri, halafu ujenge ya inchi 5. Kuanza moja kwa moja na inchi 5 simshauri mtu, hata chalii mwenye mkono mwepesi na pesa mkononi.

Hewa ya hapa si ya pwani

Video nyingi za mafunzo hurekodiwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari, Moshi ni mita 800 na ushee. Kwenye mita 1,400 hewa huwa nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Moshi upungufu ni kama asilimia 8. Propela hufanya kazi kwa kusukuma hewa, kwa hiyo propela ileile, kwa mizunguko ileile, hutoa msukumo pungufu kwa kiwango hichohicho. Ili droni itulie angani Arusha, mota inabidi zizunguke haraka zaidi kwa kama asilimia 7, na betri nayo inatoa nguvu zaidi kwa kama asilimia 7.

Hapo njia tatu zinaachana. Droni ya inchi 5 iliyojengwa vizuri ina msukumo wa mara 7 au 8 ya uzito wake, na nyingine zaidi ya hapo. Ukiiondolea asilimia 13 haigundui sana. Utaisikia tu pale unapoishusha kwa kasi na kutaka kuikamata chini, inachelewa kidogo kushika hewa. DJI Mini 2 imetajwa na mtengenezaji kuwa inakaa hewani dakika 31 pasipo upepo. Hapa, kwa hewa nyepesi na upepo wa mchana, panga safari yako kwa dakika 20 na urudi mapema. Kidroni cha pete ndicho kinachoumia zaidi, maana akiba yake ya nguvu ni ndogo tangu mwanzo. Kikibebeshwa kamera nzito ya kidijitali, kinapanda kwa shida na kinazama kwenye kona. Kwa Arusha chagua kilicho chepesi kabisa, chenye kamera ya analogi, na usikiongezee mapambo. Moshi kuna nafuu kidogo, na ukishuka TPC au Kahe tofauti unaihisi mkononi.

Siku ya kuanguka

Droni ya kamera iliyokamilika huvunjika mara chache, kwa sababu inajisimamia. Ukiachia stiki inasimama palepale kwa msaada wa GPS, na ikipoteza mawasiliano inarudi ilikotoka. Lakini ikipiga tawi la mgrevilea na kushuka mita kumi, kinachoharibika mara nyingi ni kile kishikilia kamera kinachoitwa gimbali: vijimota vitatu vidogo na utepe mwembamba wa waya, vyote vikining'inia mbele bila kinga. Fundi simu mzuri anaweza kubadili utepe huo, vifaa vyake vinatosha. Tatizo ni kwamba gimbali iliyofunguliwa huhitaji kusawazishwa upya kwa programu, na vipande vingi ni vya modeli ileile au ndugu zake wa karibu tu. Mkono wa Mini 2 hauingii kwenye droni ya kampuni nyingine. Ukikosa kipande hicho, huna mbadala wa kubuni.

Ya inchi 5 huanguka kila wikiendi, na imeumbwa kwa ajili hiyo. Fremu ni bamba la kaboni, mikono yake ina unene wa milimita 5 hivi. Kinachovunjika ni propela, kisha mkono, kisha antena, kisha waya wa mota uliochunwa na propela iliyopinda. Uzuri wake uko kwenye vipimo vinavyofanana. Mota nyingi za ukubwa huu hufungwa kwa skrubu nne za M3 kwenye matundu ya milimita 16 kwa 16. Bodi hukaa kwenye matundu ya milimita 30.5 kwa 30.5. Kwa hiyo mota ya kampuni moja inakaa kwenye fremu ya kampuni nyingine, na bodi kuukuu ya rafiki yako wa Sakina inaingia kwenye droni yako ya Njiro. Fremu nyingine, kama Source One ya Team BlackSheep, michoro yake iko wazi kwa yeyote. Pale ambapo dirisha la duka liko nje ya nchi, kufanana huku kwa vipimo ni jambo kubwa kuliko kasi yoyote inayosifiwa kwenye tangazo.

Mafundi simu wetu nao wanahesabika hapa. Wana darubini, wana kipulizia hewa moto, na mkono wao hautetemeki. Bodi inayoendesha mota ikiungua tranzista moja, fundi anaweza kuitoa na kuweka nyingine kutoka kwenye bodi iliyokufa, ukimpa bodi hiyo na kumwonyesha upande mzima ulivyo. Kwa hiyo bodi iliyoungua usiitupe. Iweke kwenye kopo.

Kidroni cha pete hakina hadithi ndefu. Gramu 25 zikianguka kutoka darini kwenda sakafuni hazina uzito wa kuvunja kitu. Pete ikipasuka unaibandika kwa gundi kali ya dukani. Mota zake nyingi huchomekwa kwa plagi ndogo, huna haja ya kulehemu. Unaweza kukiangusha jioni nzima na kesho ukaendelea, na kwa anayejifunza hilo linapita mengine yote, kwa sababu kuangusha mara nyingi bila gharama ndiko kunakofundisha mikono.

Kuna namna nyingine ya kupoteza droni ambayo video za ughaibuni hazina: migomba. Ukirusha pembezoni mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba, Machame au Marangu au hata Tengeru, droni ikizama kwenye migomba iliyochanganyika na kahawa unaweza kuikosa ukiwa hatua tano kutoka ilipo. Mawimbi ya gigahezi 5.8 yanayobeba picha kwenye miwani hayapendi majani mabichi, maji yaliyomo huyameza, hivyo picha hukatika kabla hujaona imetua wapi. Kwa droni ya kujenga, weka king'ora kidogo chenye betri yake ya ndani, kile kinachoendelea kulia hata betri kubwa ikichomoka. Washa pia kurekodi kwenye miwani, ili urudie sekunde za mwisho na kuona ulikuwa umeelekea wapi. Droni ya DJI inakuonyesha alama yake ya mwisho kwenye ramani ya simu, na katika jambo hili imeizidi ile ya kujenga isiyo na GPS, tena kwa mbali. Vyovyote iwavyo, usiruke uzio wa mtu. Piga hodi: "Shikamoo mama, kuna kidege changu kimeangukia shambani kwako, naomba nikitafute." Mara nyingi watoto wa pale ndio watakaokiona kabla yako.

Mwewe nao wapo, na Arusha ni wengi. Droni ya kamera inayosimama tuli angani ndiyo inayowavuta zaidi. Ya inchi 5 hupita kwa kasi kabla hawajaamua. Ukiona mwewe anazunguka juu ya droni yako, panda wima, maana ndege hushambulia akitokea juu na kupanda wima kwake ni kazi, kisha rudi utue.

Na mchanga. Mota za siku hizi hazina brashi ndani, zina sumaku kali, na mchanga mweusi wa volkano tulio nao huku chini ya Meru una chembe zinazovutwa na sumaku. Ukirusha kutoka ardhini chembe hizo huingia kati ya sumaku na koili, mota ikaanza kukwaruza na kupata moto. Beba turubai dogo au kipande cha zulia cha kurukia na kutulia. Hili linazihusu droni zote, ila mota ya inchi 5 unaweza kuifungua, kuisafisha kwa tepu inayonata na kuirudisha. Ya Mini imeungwa moja kwa moja na mkono wake.

Betri na umeme

Betri ndiyo sehemu ambayo mtu wa hapa anapaswa kuifikiria zaidi kuliko mtu wa Ulaya, kwa sababu tatu: kuipata, kuichaji, na kuitunza.

Kuipata ni kugumu kwa sababu betri za lithiamu zina masharti makali kwenye ndege za mizigo, na wauzaji wengi hawazitumi peke yake. Njia inayofanya kazi ni ndugu au rafiki anayesafiri. Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu betri zisizozidi wati-saa 100 kila moja kwenye mzigo wa mkononi, na betri ya inchi 5 ya seli 6 yenye mAh 1,300 ina kama wati-saa 29 tu, kwa hiyo iko salama ndani ya kiwango hicho. Ncha zake zizibwe kwa tepu, kila moja ikae kwenye mfuko wake.

Kuichaji: betri ya DJI inachajiwa kwa chaja yake, huna la kufikiri. Kwa droni za kujenga, nunua chaja inayokubali umeme wa DC, yaani wa betri, wa volti 12 na kuendelea, usinunue ile ya plagi ya ukutani pekee. Umeme wa TANESCO ukikatika, au ukiwa uwanjani, unaiunganisha kwenye betri ya gari au ya sola na kazi inaendelea. Chaji kwa mkondo unaolingana na ujazo: betri ya mAh 1,300 ichajiwe kwa ampea 1.3. Seli moja imejaa ikifika volti 4.2. Hewani tua ikifika 3.5 hivi, na ya kukaa zaidi ya siku mbili tatu iache kwenye 3.8. Betri ya DJI hujishusha yenyewe ikikaa. Hizi za kujenga hazijui kufanya hivyo, na betri iliyoachwa imejaa kwa wiki kadhaa huvimba. Chajia kwenye sakafu ya saruji au ndani ya chungu cha udongo, ndoo ya mchanga iwe karibu, na usilale ikiwa inachaji. Betri ya namna hii ikishika moto haizimwi kwa kuipuliza.

Neno moja kwa mafundi wetu wabunifu: seli za mviringo zinazotolewa kwenye laptopu mbovu hazifai kwa inchi 5. Droni hii ukiipa nguvu zote huvuta ampea zaidi ya 100 kwa kitambo kifupi. Seli za laptopu hazikutengenezwa kwa hilo. Volti itaanguka ghafla na droni itaanguka nayo.

Kuhusu muda wa hewani usijidanganye. Inchi 5 ni dakika 4 hadi 6 kwa betri, kidroni cha pete ni 3 au 4. Anayetoka DJI huona ni kidogo mno, hadi ajaribu: dakika nne za kurusha kwa miwani zinamtoa mtu jasho kuliko nusu saa ya kuangalia simu.

Pesa

Bei za dukani hapa hubadilika, kwa hiyo nitazungumzia mpangilio wa gharama. DJI Mini 4K ilipotoka mwaka 2024 iliuzwa dola 299 Marekani. Kabla haijafika Arusha ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Hiyo ni gharama ya mara moja, inayojumuisha rimoti, kamera na betri. Ikipotea, umepoteza karibu yote.

Kwenye kujenga, gharama kubwa haiko kwenye droni. Iko kwenye rimoti, miwani na chaja, na vyote hivyo vinabaki mikononi mwako droni ikizama mtoni. Hii ndiyo sababu kubwa ya kushauri kidroni cha pete kwanza. Ukinunua rimoti inayotumia ExpressLRS, mfumo wa wazi wa mawasiliano ya redio ambao risiva zake, vile vipokezi vinavyokaa kwenye droni, ni ndogo na za bei ya kawaida, rimoti hiyohiyo itarusha kidroni, itarusha inchi 5, na itachomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB kwa ajili ya simuleta, yaani programu ya kujifunzia kurusha kwenye skrini. Miwani ya analogi vilevile inahamia kutoka kidroni hadi inchi 5. Hakuna kinachotupwa. Angalia tu kabla ya kulipa kwamba risiva iliyomo kwenye kidroni ni ya mfumo uleule wa rimoti yako, maana wauzaji hutoa kidroni kimoja kwa mifumo miwili au mitatu tofauti.

Analogi au dijitali? Picha ya analogi ina chenga, rangi zake zimefifia, na anayeiona mara ya kwanza husikitika. Lakini ni nyepesi, ni nafuu, ikizidiwa na umbali inafifia polepole na kukupa muda wa kugeuka, na rafiki yako mwenye miwani yake anaweza kuingia kwenye chaneli yako akaona unachoona. Kwa kundi dogo la vijana wanaochangia vifaa, analogi. Mwenye uwezo anayetaka video safi moja kwa moja, dijitali, akijua kwamba moduli moja ya dijitali ikivunjika inaweza kugharimu kuliko fremu na mota zote.

Anga lina wenyewe

Sheria haibagui iliyonunuliwa na iliyojengwa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo inayosajili droni na kutoa vibali, na kibali cha Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa nacho huhitajika. Kifurushi chenye droni kinaweza kuzuiwa forodhani kama huna karatasi. Ile kanuni ya kulegezea masharti droni zisizofika gramu 250 inayotajwa kwenye video za Marekani na Ulaya ni ya kwao. Usiichukulie kuwa ruhusa ya hapa. Uliza TCAA kwanza, kabla ya kuagiza. Kilimanjaro na Hifadhi ya Arusha ziko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hurushi ndani yake bila idhini yao.

Eneo letu lina ndege nyingi za kweli kuliko watu wanavyofikiri. Uwazi mzuri wa kurushia uko upande wa Kisongo, na hukohuko ndiko uliko uwanja wa ndege wa Arusha, wenye ndege ndogo za watalii zinazokwenda na kurudi Serengeti mchana kutwa. Moshi una uwanja wake kusini-magharibi mwa mji, KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, uko katikati ya miji yote miwili, na helikopta za uokoaji huruka kwenda mlimani wakati wowote. Droni za DJI zina ramani ya maeneo nyeti ndani yake na hukuonya. Ya kujenga haina habari; itaruka popote utakapoielekeza. Kwa hiyo anayejenga anabeba jukumu zito zaidi, na ukiwa umevaa miwani huoni anga lililokuzunguka. Awepo mtu kando yako, bila miwani, kazi yake ni kuangalia juu na kusema.

Kwa kipengele hiki kidroni cha pete kinashinda bila ushindani. Ukikirusha ndani ya nyumba, ndani ya ukumbi mtupu au chini ya kibanda cha gereji, hukutani na ndege wala na umati.

Mezani, kulehemu

Mwenye kujenga anapata kitu ambacho hakimo kwenye boksi lolote. Mwanafunzi wa Chuo cha Ufundi Arusha, au kijana yeyote aliyeshika kifaa cha kulehemu nyuma ya duka la mjomba, akimaliza droni moja atakuwa ameelewa mota ya awamu tatu, mkondo mkubwa, redio, antena, na namna programu inavyosahihisha mwendo. Programu yenyewe, Betaflight, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ukoo wake unarudi hadi mradi wa MultiWii wa mwaka 2010, uliotumia vihisi vilivyotolewa kwenye rimoti za michezo ya Nintendo Wii. Ilianza kwa watu waliotumia walichokuwa nacho, na hilo lapaswa kumpa moyo mtu wa mtaa wa Unga Limited mwenye meza na taa.

Kama huna kompyuta, ziko bodi kama SpeedyBee F405 V4 zenye Bluetooth ndani, unapanga kila kitu kwa simu. Kuhusu volti, seli 6 na mota zenye KV 1,750 hadi 1,960 ndiyo njia ya wengi sasa; KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, ikiwa mota haina mzigo. Seli 4 huhitaji mota za KV 2,400 na zaidi, na huvuta ampea nyingi kwa nguvu ileile. Kama rafiki zako wana betri za seli 4 tayari, fuata hizo, maana kushirikiana betri uwanjani kuna faida kuliko ubora wa kwenye karatasi.

Mambo mawili ya mezani siyalegezi. Propela hazifungwi hadi siku ya kuruka. Majaribio yote ya mota hufanywa bila propela, kwa sababu propela ya inchi 5 inakata kidole hadi mfupa. Na betri haiunganishwi mara ya kwanza moja kwa moja. Pitisha waya mmoja wa umeme kwenye balbu ya indiketa ya gari, ile ya wati 21, unayoipata duka lolote la spea: ya volti 12 kwa betri ya seli 4, na ya lori ya volti 24 kwa seli 6. Balbu ikimweka na kuzima, uko sawa. Ikiwaka na kubaki imewaka, kuna waya umegusana mahali, na badala ya kuunguza bodi uliyoisubiri mwezi mzima umewasha taa tu. Mota ikizunguka kinyume, badilishana waya wowote wawili kati ya mitatu yake, au geuza kwa programu.

Muda je? Droni ya kamera, saa moja pamoja na kuchaji. Kidroni cha pete, jioni moja ya kuunganisha rimoti na kupanga swichi. Inchi 5 ya kwanza, wikiendi mbili tulivu kwa anayejua kulehemu, na zaidi kwa anayejifunza. Usimwonee aibu fundi simu wa mtaani. Mlipe akufundishe kulehemu waya mnene wa betri, ambao ndio unaowashinda wengi kwa sababu hunyonya joto lote la kifaa kidogo.

Kwa hiyo, kwa nani

Mpiga picha wa harusi na sendoff: droni ya kamera, pamoja na vibali vyake, na betri ya pili kabla ya kitu kingine chochote. Mkulima wa kahawa anayetaka kuona shamba lake, hiyohiyo. Mzazi anayemtafutia kijana wa sekondari kitu cha kumweka mbali na simu: kidroni cha pete, rimoti ya kweli badala ya kale karimoti ka plastiki, na simuleta kwenye kompyuta ya nyumbani. Simuleta haina ushuru wala haianguki shambani kwa mtu, na ajifunze humo hali ya kurusha bila kusaidiwa na bodi kujisawazisha, maana ndiyo atakayoitumia baadaye.

Aliyekwisha kuwa na DJI na sasa anatamani miwani, asiiuze. Aibakize kwa picha, aanze na kidroni kama mwingine yeyote, kwa kuwa mikono iliyozoea droni inayojisimamia haijui bado kuishika ile isiyojisimamia.

Na anayefika kwenye inchi 5 aandae kifurushi cha kwanza kwa kufikiria anguko la tano. Pamoja na fremu, bodi na mota nne, viwemo mikono miwili ya ziada, propela za kutosha kuvunja bila kuhesabu, antena mbili, mfuko wa skrubu za M3 za urefu mbalimbali, kapasita ya kulehemu kwenye waya wa betri kwa ajili ya kutuliza miruko ya volti, king'ora, na mota ya tano inayofanana na zile nne kwa jina na KV. Ukiiacha mota hiyo ya tano ili kupunguza gharama, ndiyo utakayokuja kuiagiza peke yake, kwa nauli inayozidi bei yake.